Ukingo wa Profesa Mlelwa

Hii imenifikia bila jina la aliyeiandika, kama zinavyofika nyingi. Nimeondoa picha za mikono inayosali zilizobandikwa kila mwisho wa sentensi, nikanyoosha pale fizikia ilipopinda. Ukiisoma ikakufaa, mpe mwingine. Usipompa, hakuna mkosi utakaokupata, tusitishane.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia, Profesa Eliezeri Mlelwa, aliyefundisha kwenye taasisi moja ya utafiti huko Njombe, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia darasani kabla ya wanafunzi. Kwa ajili ya baridi ile alikuwa na koti la sufu la rangi ya kahawia, zito, lenye viraka vya ngozi viwikoni. Alilivaa Juni, alilivaa Desemba. Watu walilitambua koti kabla hawajauona uso.

Kazi ya maisha yake ilikuwa injini. Si ya gari wala ya kusaga mahindi. Ilikuwa injini ya chombo cha angani, ndogo kiasi cha kupakatwa kama mtoto mchanga.

Niieleze kwa ufupi, maana bila hivyo hadithi haisimami.

Unachukua mrija wa kioo, umezibwa upande wa nyuma, uko wazi upande wa mbele. Unaingiza gesi kidogo sana. Unauzungushia waya unaotoa mawimbi ya redio, mpaka gesi ichemke na atomi zake zivunjike: huku elektroni, nyepesi, zisizotulia, kule ioni, nzito, zenye chaji chanya. Mchanganyiko huo unaitwa plazima. Hata ndani ya zile taa ndefu nyeupe za dukani imo. Nje ya mrija unaweka sumaku, za kuizuia plazima isigusane na kuta na kuielekeza mlangoni.

Sasa, pale mlangoni, mambo yakikaa sawa, hutokea jambo la kushangaza. Plazima yenyewe, bila kuamriwa na mtu, hujipanga matabaka mawili membamba yanayotazamana uso kwa uso: moja la chaji chanya, jingine la chaji hasi. Kati yake umeme hushuka ghafla, kama ardhi inavyokatika kwenye ukingo wa korongo. Ioni iliyokuwa inajikokota ndani ya mrija ikifika hapo inaporomoka, na inatokea nje kwa kasi ya kutisha.

Vitabu huyaita matabaka pacha ya umeme. Njombe waliyaita Ukingo. Na kwa kuwa Profesa ndiye aliyeyapata na kuyaonyesha pale akiwa bado kijana, watu waliongeza jina: Ukingo wa Mlelwa.

Ulikuwa na sifa zake, sitaki kuudhulumu. Injini nyingine za namna hii hurusha ioni kwa nyavu za chuma zenye umeme, na ioni huzila nyavu hizo kidogo kidogo mpaka zikaisha. Ukingo hauna chuma cha kuliwa. Ukizima umepotea. Ukiwasha umerudi, mpya kama siku ya kwanza.

Zaidi ya hayo, ulipendeza. Injini ilifanyiwa majaribio ndani ya tangi kubwa lililonyonywa hewa yote, na tangi hilo lilikuwa na dirisha moja la duara, ukubwa wa sahani. Ukichungulia, uliona mkuki wa mwanga wa zambarau ukitoka mdomoni mwa mrija, umenyooka, hautetemeki. Mkurugenzi wa taasisi, Dakta Mapunda, hakuwahi kupata mgeni akampitisha kwingine kabla ya dirisha lile.

"Waheshimiwa," alikuwa akisema, mkono kifuani, "mnachokiona ni taifa likisonga mbele."

Wageni walipiga picha. Wengi walipiga picha ya sura zao kwenye kioo, lakini waliondoka wameridhika.

Juu ya mlango wa maabara kulikuwa na neno moja lililopakwa rangi nyeupe: KITUNDIKE.

Hiyo ilikuwa sheria ya Profesa mwenyewe. Aliiweka alipochoshwa na watu wenye maneno mengi. Ndani ya tangi alikuwa amening'iniza fremu nyepesi waliyoiita bembea. Juu yake palikuwa na kioo kidogo, na kioo kilirudisha mwanga wa leza mpaka kwenye ukuta wa mbali, ukawa nukta nyekundu. Chochote kilichofungwa kwenye bembea kikisukuma hata kidogo, bembea ilihama, na nukta ikasogea ukutani. Mwanafunzi mpya, siku yake ya kwanza, aliambiwa apulize bembea kwa pumzi yake kabla tangi halijafungwa. Nukta iliruka mpaka darini. Ndipo alipojua ni kitu kidogo kiasi gani wanachokitafuta, na ni rahisi kiasi gani kujidanganya.

Mtu akija na wazo kwamba kifaa fulani kinasukuma, Profesa hakubishana naye. Alionyesha mlango kwa kidole. Kitundike. Wengi walitundika, wakaangalia nukta, wakarudi mezani kimya.

Kitu kimoja tu hakikuwahi kutundikwa. Ukingo.

Hesabu yake ilikuwa imekwisha kufanywa zamani, kabla bembea haijatengenezwa. Walipima kasi ya ioni zinazotoka, wakazidisha kwa uzito wa ioni zenyewe, wakasema: huu ndio msukumo, na Ukingo ndio unaousababisha. Hesabu ikaingia kwenye mihadhara, ikatoka kwenye mitihani, ikakaa. Hakuna aliyekataza mtu kuuliza. Ilikuwa heshima tu. Na sisi wenye vyeti tunajua jinsi heshima inavyotusaidia kukwepa swali huku tukionekana watu wa adabu.

Mwaka wa mwisho wa Profesa kazini, ikaja nafasi.

Setilaiti ndogo ilikuwa inajengwa ya kutazama mawingu na jalidi, ili mkulima wa viazi wa nyanda za juu ajue mapema usiku utakaounguza shamba lake. Ili ione vizuri ilibidi iruke chini chini, mahali ambapo bado kuna hewa, nyembamba lakini hewa. Hewa hiyo ingeivuta. Bila injini ya kuisukuma kila mara, ingeshuka na kuungua kabla ya msimu mmoja kwisha. Kwa hiyo injini ndiyo ilikuwa uhai wake, na nafasi ilikuwa ya injini moja tu. Kamati ingekuja Njombe kuichagua.

Mkurugenzi hakusubiri kamati. Alikwenda kwa fundi akachongesha kibao cha shaba, herufi kubwa: UKINGO WA MLELWA. Kingefungwa ubavuni mwa injini.

"Mzee," alimwambia Profesa akimwonyesha, "jina lako litakuwa linaizunguka dunia kila baada ya saa moja na nusu. Sisi wengine tutaandikwa makaburini tu."

Profesa alikishika kibao mikononi kwa muda mrefu. Kisha aliondoka akitembea kama kijana.

Mwanafunzi wake wa mwisho wa udaktari aliitwa Tulizo Nyagawa. Aliyempa jina hilo hakumfahamu. Alikuwa binti asiyetulia mpaka jambo lieleweke. Profesa alimpa kazi ya kuirekebisha injini kabla ya kamati kuja. Wiki chache baadaye aligonga mlango wa ofisi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Ingia, Tulizo. Mbona umeshikilia kitasa kama mtu anayetaka kukimbia?"

"Huenda nikakimbia kweli."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja. Nimetundika."

"Umetundika nini?"

"Ukingo."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

"Nani amekutuma?"

"Mlango, Profesa."

Alirudisha miwani. "Kaa. Sema."

"Niliongeza gesi kidogo mpaka Ukingo ukavunjika. Mkuki wa mwanga ukafa, ukabaki ukungu tu. Kasi ya ioni ikashuka. Nikajiambia, sasa nukta itarudi nyuma. Haikurudi. Ilisogea mbele."

"Ni hiyo gesi. Umeongeza gesi, gesi imesukuma."

"Nilifikiri hivyo. Nikazima redio, nikaacha gesi ipite peke yake. Nukta haikuhama hata unywele."

"Bembea imepata joto."

"Nilisubiri ipoe. Nikarudia vipimo nikianza na cha mwisho. Ni vile vile."

"Sumaku zinavutana na chuma cha tangi."

"Niliwasha sumaku bila plazima. Hakuna kitu."

Profesa akatabasamu kidogo, bila furaha. "Umejiandaa."

"Si umenifundisha wewe?"

"Umemaliza?"

"Bado." Tulizo akasogeza kiti. "Nikatundika vipande. Mrija peke yake, sumaku nimezishikiza pembeni. Halafu sumaku peke yake, mrija nimeushikiza. Mrija ukachukua sehemu yake ya msukumo, sumaku zikachukua sehemu yake. Nikajumlisha. Ndio msukumo wote, Profesa. Ukingo haukubakiwa na kitu."

"Kama mgawo wa mirathi," Profesa alisema polepole.

"Kama mirathi. Kumbe aliyekaa mkeka wa mbele msibani wala si wa ukoo."

Neno lilipomtoka alitamani alirudishe. Profesa hakucheka. Aliangalia dirishani, kwenye ukungu uliofunika shamba la viazi nyuma ya ofisi.

"Samahani, Profesa."

"Nenda kwanza, Tulizo."

Alikwenda. Shahada yake ilikuwa inasubiri sahihi ya mtu huyo, lakini si hilo lililomnyima raha. Alimwona kwenye macho jinsi alivyozeeka katikati ya sentensi.

Profesa hakufika maabara siku zilizofuata. Walimwona akizunguka kandokando ya shamba la viazi, mikono mifukoni, koti limefungwa hadi shingoni. Fikiria. Mtu amepanda kitu akiwa na nywele nyeusi, amekipalilia mpaka zimekuwa nyeupe, watu wamekipa jina lake, na sasa kuna kibao cha shaba mezani. Angeweza kunyamaza tu. Kunyamaza kusingemgharimu kitu, na kamati isingejua. Ingejua setilaiti peke yake, huko juu, wakati inashuka.

Habari zilimfikia Mkurugenzi, maana korido za taasisi zina masikio kuliko maabara. Akamwita Tulizo.

"Binti, nasikia una namba."

"Ninazo, Dakta."

"Zikae ulikoziweka mpaka kamati iondoke. Injini ziko mbili, yenye Ukingo na hiyo uliyoiunda wewe, ya ukungu. Tutawapeleka wageni dirishani, watajionea. Unajua mgeni anataka nini? Anataka kuona."

"Na setilaiti inataka nini?"

"Setilaiti haina kura."

Mkurugenzi akashusha sauti, akawa baba.

"Kwanza jiulize unamfanyia nini mzee wa watu. Mwaka wake wa mwisho! Hungeweza kusubiri astaafu, ukaandika kwa utaratibu?"

Hilo Tulizo alikuwa amejiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa.

Asubuhi ya siku ya kamati, ukungu ulikuwa haujaondoka. Tulizo alikuta mlango wa maabara uko wazi. Profesa alikuwa amesimama mbele ya tangi, ameshika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Injini zote mbili ziko kwenye bembea?"

"Ziko. Bega kwa bega."

"Umeme ule ule?"

"Ule ule."

"Vizuri. Utachagua mwenyewe ipi itangulie na ipi ifuate. Usiniambie."

"Profesa, mimi..."

"Usiniambie hata nikikuuliza. Hasa nikikuuliza."

Kamati iliingia na miavuli yake. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mhandisi, mfupi, asiyependa hotuba. Alionekana dhahiri kuteseka wakati Mkurugenzi akitoa yake. Taifa lilisonga mbele mara kadhaa. Kisha Mkurugenzi akanyoosha mkono kuelekea kwenye dirisha la duara.

"Na sasa, waheshimiwa, kwa macho yenu wenyewe..."

"Kamweneni," Profesa aliwasalimu, akipita mbele yake. "Poleni na baridi."

Halafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikifanya mbele za watu. Alivua koti. Ndani yake alikuwa mwembamba kuliko walivyodhani, shati jeupe na tai iliyofifia. Akalitundika koti kwenye boliti iliyokuwa juu ya dirisha la tangi. Likafunika kioo chote.

"Profesa!" Mkurugenzi alisema. "Wageni hawaoni!"

"Ndiyo, Mkurugenzi. Ndiyo maana."

Akawageuza watu wote wautazame ukuta wa mbali, penye nukta nyekundu na mstari wa penseli.

"Nukta ikisogea, injini imesukuma. Ikisogea sana, imesukuma sana. Hakuna kingine cha kujua. Mtaona ya kwanza, mtaona ya pili. Mimi mwenyewe sijui ipi ni ipi. Anajua binti huyu peke yake, na nimemwomba asiseme."

Mwenyekiti wa kamati alifungua kalamu. Ilionekana kwa mara ya kwanza siku ile kwamba alikuwa amefurahi kuja.

Tulizo aliwasha ya kwanza. Pampu zilinguruma. Nukta ilitoka kwenye mstari wa penseli, ikasogea upana wa kidole, ikatulia.

Akazima. Nukta ikarudi nyumbani.

Akawasha ya pili. Nukta ilitoka, ikapita pale ilipoishia mwanzo, ikaendelea, ikatulia upana wa vidole viwili kutoka kwenye mstari. Ilikaa hapo, haikuyumba.

"Ya pili," alisema Mwenyekiti.

Wenzake waliitikia kwa vichwa.

"Ya pili, bila ubishi!" Mkurugenzi alipiga makofi. "Mzee, nilikuwa na wasiwasi wa bure. Waheshimiwa, mmeuona Ukingo wa Mlelwa ukiwa kazini! Ndio huo!"

Profesa alikuwa bado anaitazama nukta. Aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Na mimi nasema ya pili," alisema. "Iandikwe kwamba nimesema. Tulizo, toa koti."

Tulizo hakusogea.

"Toa, mwanangu."

Alilivuta koti kutoka kwenye boliti, akalikumbatia. Watu wakasogea dirishani.

Hapakuwa na mkuki. Palikuwa na ukungu tu, mwanga hafifu uliotawanyika mdomoni mwa mrija, hauna umbo, hauna cha kupigia picha. Ulifanana na ule uliokuwa nje.

Mwenyekiti alichungulia, akarudi kuitazama nukta.

"Kuna kosa," alisema Mkurugenzi.

"Hakuna," alisema Profesa. "Tumelitoa sasa hivi."

"Lakini Profesa! Zile ioni zinatoka kwa kasi vile! Ni nini kinachozirusha kama si Ukingo?"

"Ni Ukingo unaozirusha."

"Basi unasukuma!"

Profesa alitazama huku na huku. Karibu na ukuta kulikuwa na kigari cha kubebea mitungi ya gesi, bapa, chenye magurudumu manne.

"Mkurugenzi, naomba tupande."

"Tupande nini?"

"Kigari."

Mkurugenzi alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, na Mwenyekiti amemkazia macho akisubiri. Alipanda, na suti yake. Profesa akapanda mbele yake. Wakasimama uso kwa uso, viganja kwa viganja, kama watoto wanaocheza uani.

"Nisukume."

"Jamani, Profesa."

"Nisukume, Dakta. Umetamani kunisukuma tangu ulipokuja kwenye taasisi hii."

Mwenyekiti wa kamati aliziba mdomo kwa daftari. Mkurugenzi akasukuma. Profesa akasukuma. Walisukumana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, kigari kikilia chini yao.

"Tumefika wapi?" Profesa aliuliza, akihema.

"Mko pale pale," Mwenyekiti alijibu.

"Ndiyo hayo matabaka mawili. Yanatazamana. Hili linasukuma kwa nguvu zake zote, na lile linarudisha zote. Kutoka nje utaona juhudi kubwa. Utaona na mwanga. Lakini kigari hakina habari kwamba tupo." Akashuka kwa uangalifu, goti moja halikumtii. "Ioni inayopita pale inapata kasi, ni kweli. Lakini haitoki mfukoni mwa Ukingo. Kilichokuwa ndani ya joto la elektroni kinahamia kwa ioni, basi. Ukingo unapokea kwa mkono huu na kutoa kwa mkono ule. Hauongezi kitu."

"Chombo kinasukumwa na nini, basi?" aliuliza Mwenyekiti.

Profesa alimtazama Tulizo.

"Na joto lenyewe," Tulizo alisema, koti bado kifuani. "Elektroni zilizochemka zinaegemea ukuta wa nyuma wa mrija. Na plazima inapotanuka ikitoka mlangoni, inazisukuma sumaku. Ni hapo nyuma kote, mheshimiwa. Dirisha halielekei huko."

Mwenyekiti aliandika. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kushuka, anapangusa suti. Alipompita Tulizo alisema chinichini, lakini chumba kilikuwa kimya mno na kila mtu alisikia.

"Umefurahi? Umeona ulichomfanyia mzee wako?"

"Dakta Mapunda," Profesa aliita. Sauti haikuwa ya hasira. "Neno lile pale mlangoni nililipaka rangi kwa mkono wangu. Kisha nikapita chini yake kila asubuhi, nikidhani limeandikiwa wengine. Nimefundisha wanafunzi wengi, na wote waliniheshimu. Huyu ndiye aliyeniamini."

Tulizo alimsogelea, akamvisha koti. Hakuweza kumtazama usoni, kwa hiyo alishughulika sana na vifungo.

Injini iliyokwenda juu ilikuwa ile ya ukungu. Msimu wa kwanza ulipita, na wa pili, setilaiti ikawa bado inazunguka, na wakulima wa viazi walipata habari za jalidi kabla ya jalidi. Hakuna aliyewaambia kwamba kuna mzee aliyelipia habari hizo kwa jina lake, na sidhani kama wangepanda viazi vizuri zaidi kwa kuambiwa.

Profesa alitia sahihi shahada ya Tulizo, ikiwa miongoni mwa kazi zake za mwisho. Alipostaafu hakuacha kuja. Ijumaa alionekana mbele ya dirisha la duara, koti limefungwa hadi shingoni, akiutazama mkuki wa zambarau na kuandika. Tulizo alimuuliza siku moja kama haumuumizi.

"Aa, hapana," alisema. "Sasa ndiyo naweza kuuchunguza vizuri. Hauna tena kazi ya kunitukuza."

Kilibaki kibao cha shaba. Mkurugenzi hakujua akifanyie nini. Kukitupa aibu, kukitumia uongo. Profesa alikiomba. Alikipima mkononi, akasema uzito wake unafaa, na shaba haisumbuliwi na sumaku. Bembea ilikuwa inahitaji kitu cha kuisawazisha upande wa nyuma, kwani tangu izibebe injini mbili ilikuwa inalalia mbele. Akakifunga hapo kwa skrubu, maandishi yakielekea ndani.

Leo maabara ile inaongozwa na Dakta Tulizo Nyagawa. Mwanafunzi mpya bado anaambiwa apulize bembea siku yake ya kwanza. Hivi karibuni kijana mmoja aliinama akachungulia nyuma ya fremu, akaona herufi.

"Dakta, huyu Mlelwa ni nani?"

"Huyo," alimjibu, "ndiye uzito unaofanya vipimo vyetu viwe sawa."

Funzo: Ukimheshimu mwalimu wako kweli, mpime kwa kipimo alichokufundisha mwenyewe, na zamu yako ya kuwa mwalimu ikifika, vua koti ufunike dirisha.